Rudolf Diesel, mtu ambaye jina lake liko kwa mazutu yetu

Kila motere ya mazutu inayosikika Kindu, ya kamiyo ao ya jipu ya familia, inabeba jina la mtu mmoja: Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita ya 1870 ikawafukuza, wakakimbilia London. Baadaye akasomea uinjinia München.

Wakati ule mashine za mvuke zilipoteza karibu moto wote bure. Diesel akawaza: hewa ikibanwa sana inakuwa moto, na mafuta yakiingia humo yanawaka yenyewe, bila buji. Mwaka 1897, kule Augsburg, motere yake iligeuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Shida ilikuwa namna ya kuingiza mafuta. Aliyapuliza kwa hewa ya kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa nzito mno kwa gari.

Usiku wa 29 Septemba 1913, akiwa na madeni makubwa, alipotea baharini katika meli iliyotoka Antwerpen, bandari ileile ya meli za Congo. Alikuwa na miaka 55. Mpaka leo watu wanabishana kama alijitupa.

Hakuona gari ndogo ya mazutu. Bosch ilianza kutengeneza pompe ndogo za mafuta mwaka 1927. Mercedes-Benz 260 D ikatoka 1936. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikaleta bomba moja lenye shinikizo kali linalogawia injekta zote, kompyuta ikipima. Mfumo huo unakula mazutu kidogo, ila hauvumilii maji wala uchafu. Pompe ya zamani inavumilia zaidi, na kwa mwenye kununua mazutu ya bidoni, hilo si jambo dogo.