Luis Buñuel: Mgeni Aliyekataa Kuupamba Umaskini

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maisha ya Luis Buñuel, mwongozaji wa filamu, yanathibitisha kauli hiyo.

Buñuel alizaliwa tarehe 22 Februari 1900 mjini Calanda, Uhispania. Hakulelewa katika ufukara, kwani babake alikuwa amechuma mali nyingi nchini Cuba. Hata hivyo, dhiki ya wengine ilimshughulisha mapema. Mwaka wa 1933 alitengeneza filamu kuhusu wakazi hohehahe wa Las Hurdes, nayo serikali ya Uhispania ikaipiga marufuku.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwaka wa 1936 vilimtenga na nchi yake. Aliishi Marekani kwa miaka kadhaa, akahamia Mexico mwaka wa 1946, na kupata uraia mwaka wa 1949.

Huko alizunguka kwa miezi mingi katika mitaa ya mabanda ya Mexico City. Zao la matembezi hayo ni Los olvidados, yaani Waliosahauliwa. Humo, Ojitos, mtoto wa mashambani, anaachwa sokoni na babake asiyerudi tena. Pedro naye anaitafuta huruma ya mama aliyelemewa na ulezi; mwishowe anauawa na maiti yake kutupwa jaani. Ilitengenezwa pia tamati ya pili, ambapo Pedro ananusurika, lakini haikutumiwa.

Filamu hiyo ilipoonyeshwa Novemba 1950, wengi walighadhabika. Iliondolewa baada ya siku chache tu, na wapo waliotaka mgeni huyo afukuzwe nchini. Aliyekuwa amepoteza nchi moja sasa alikabiliwa na hatari ya kupoteza ya pili. Mshairi Octavio Paz aliitetea kwenye tamasha la Cannes mwaka wa 1951, ambako Buñuel alituzwa kuwa mwongozaji bora. Ndipo filamu ikarejeshwa katika kumbi za Mexico.

Buñuel alifariki jijini Mexico City tarehe 29 Julai 1983. Miaka 20 baadaye, UNESCO iliiingiza Los olvidados katika rejista ya kumbukumbu za ulimwengu. Kazi iliyodaiwa kuliaibisha taifa ikawa hazina ya taifa lilo hilo. Msanii halitukani taifa anapoonyesha jeraha lake. Wanaolificha ndio wanaolinyima tiba.