Mbaraka Mwinshehe: Mpiga Solo Asiyekuwa na Haraka

Siku hizi, kwa sisi tunaopiga gitaa la umeme hapa chuoni, kipimo cha ufundi ni kimoja tu: unaweza kufagia? Kwa wasiojua, kufagia ni kuiteremsha piki juu ya nyuzi kwa mkupuo mmoja kama mtu anayefagia uwanja, kisha unairudisha juu vilevile. Kila uzi unatoa noti moja. Kazi ngumu iko mkono wa kushoto: kila kidole kinatakiwa kuinuka mara tu noti yake inapotoka, la sivyo nyuzi zinalia zote pamoja na unasikia kodi (ya muziki, siyo ile ya TRA) badala ya noti zinazofuatana. Kiganja cha kulia nacho kinalala juu ya nyuzi nene ili zisivume.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Singida, na kila jioni nilikaa na zoezi hilo. Nilianza na nyuzi tatu nyembamba, mapigo 60 kwa dakika, nikapanda taratibu. Mjomba wangu alikuwa anakaa nje, upepo wa Singida unampelekea kila noti. Siku ya nne aliingia ndani akaniuliza kwa upole wimbo wenyewe unaanza saa ngapi. Halafu akaniuliza kama najua kupiga Shida ya Mbaraka.

Swali hilo ndilo lililonifanya nimfuatilie Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na ndiyo sababu ya makala hii. Jina lake wengi wetu tunalijua, na Shida tumeisikia kwenye mabasi na misibani. Lakini tunamkumbuka kama mwimbaji. Wachache wanakumbuka kwamba huyu alikuwa mpiga gitaa la solo, na kwamba sauti yake na gitaa lake vilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, mkoa wa Pwani. Mwaka huohuo, mjini Morogoro, ilianzishwa bendi iliyokuja kumpa jina: Morogoro Jazz. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 alikuwa kijana wa rika letu hili la kusubiri bumu. Na Morogoro haukuwa mji wa kujifunzia kazi polepole. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walikuwa wameshaufanya mji huo uogopwe na wanamuziki wa Dar es Salaam. Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mji ulibaki na masikio yaliyozoea muziki mzuri, na kijana wa Kisarawe alilazimika kuyaridhisha masikio hayo.

Aliyaridhisha. Ndani ya miaka michache Morogoro Jazz ilikuwa inasikika nchi nzima, na mwaka 1970 ilikwenda Japan, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Hebu fikiria: kijana wa miaka 26, gitaa begani, kutoka Mzenga hadi Osaka. Mwenyewe ana wimbo unaoitwa Jogoo la Shamba, na sisi Singida tunaosifiwa kwa kuku wa kienyeji tunajua methali inavyosema kuhusu jogoo huyo na mji. Huyu aliwika.

Kwa watu wa mikoa ya ndani kama kwetu, muziki huo ulifika kwa redio. Reli ya Kati inapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, lakini si kila mwenye hamu ya kucheza dansi angeweza kupanda treni. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi na kuzirusha hewani. Mjomba anasema aliujua mtindo wa kila bendi kabla hajaiona sura ya mwanamuziki hata mmoja. Alimtambua Mbaraka kwa gitaa, kabla hajaimba.

Na hapa ndipo niliposikiliza kwa makini. Nyimbo za dansi za wakati ule mara nyingi zina sehemu mbili. Kwanza wimbo wenyewe, wa polepole, watu wanasikiliza maneno. Halafu muziki unachemka: gitaa la rithimu linashika mzunguko wake, besi inatembea, solo inapewa uwanja. Mpiga solo wa siku hizi akipewa uwanja huo anamwaga vyote alivyonavyo ndani ya sekunde kumi. Mbaraka anashika kipande kifupi, noti chache, anakirudia. Anabadilisha noti moja ya mwisho. Anarudia tena. Mpaka wewe mwenyewe unaanza kungoja atafanya nini safari ijayo. Na wakati wa kuimba gitaa linamjibu: anamaliza mstari, gitaa linaingia kwenye nafasi iliyobaki kama mtu anayeitikia kwa kichwa, kisha linanyamaza kumpisha aendelee.

Nimejaribu kulipiga hilo. Noti zake si ngumu kuzipata, mwanafunzi wa miezi sita anazipata. Kinachosumbua ni kukaa kwenye kipande kimoja kwa dakika mbili bila kuchoka wala kumchosha msikilizaji. Hilo halina zoezi la mapigo 60.

Mambo aliyoimba yalikuwa mazito. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa huko Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971, katikati ya mvutano wa mashamba na vijiji vya ujamaa, Mbaraka alimwimbia wimbo wa maombolezo. Gitaa la kujionyesha lisingefaa pale.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Leo tunaweza kuliona hili kama jambo dogo, maana kila mtu ana studio kwenye kompyuta. Wakati ule bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, klabu au mashirika, na vyombo vilikuwa vya bendi. Mwanamuziki akiondoka, kwa kawaida anaondoka na vidole vyake tu, gitaa analiacha. Kuondoka ukiwa kileleni kulihitaji moyo.

Halafu kulikuwa na suala la pesa. Redio ilikupa umaarufu, lakini santuri ndiyo iliyouzwa dukani, na kampuni za kutoa santuri zilikuwa Nairobi. Hivyo Kenya ikawa muhimu kwa mwanamuziki yeyote wa Tanzania aliyetaka kazi yake imlipe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, lakini muziki haukufungika. Shida, aliyoipiga na Super Volcano, ilipendwa Kenya kama ilivyopendwa kwetu.

Tarehe 12 Januari 1979, wakati nchi yetu ikiwa vitani na Idi Amin, Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Kuna wanafunzi wa uzamili hapa chuoni wana umri huo.

Ufundi wa kufagia ulikuja kuvuma kwenye gitaa la roki miaka ya 1980, kwa watu kama Frank Gambale wa Australia na Yngwie Malmsteen wa Sweden. Mbaraka alikuwa ameshazikwa. Kwa hiyo siwezi kusema aliukataa, hakuwahi kuulizwa. Na mimi sijaacha kufagia, kwa sababu mkono unaofagia safi unajifunza kunyamazisha uzi kwa wakati, na hilo lina faida popote. Ila sasa muda wangu wa mazoezi nimeugawa. Nusu ni fagio. Nusu nyingine nachukua kipande kimoja cha Mbaraka na kukirudia bila kuongeza kasi, nikitafuta noti moja ya kubadilisha.

Ukitaka kuanza, usitafute video ya mafunzo. Tafuta Shida, vaa spika za masikioni, yaache maneno yapite maana unayajua tayari. Sikiliza gitaa linaingia wapi. Kisha hesabu ni mara ngapi lingeweza kuingia na halikuingia.