Jack Kirby: Alichora mashujaa unaowapenda, akanyimwa michoro yake

Simama barabarani dakika 10 tu uangalie matatu zikipita, hasa zile kali za Rongai na Umoja. Si ajabu ukapata moja ina Hulk amekunja ngumi ubavuni, nyingine Black Panther ametoa makucha. Sasa niambie, ni nani aliyewachora hao wasee mara ya kwanza?

Wengi mtasema Stan Lee, yule mzee wa miwani aliyekuwa akijitokeza sekunde chache kwenye filamu nyingi za Marvel. Lakini Stan Lee hakuwa mchoraji. Yeye alikuwa mhariri na mwandishi. Mkono ulioshika penseli ulikuwa wa Jack Kirby. Kama hilo jina ni geni kwako, usijilaumu. Kuna sababu hulijui, na sababu yenyewe ina harufu ya mkataba.

MTOTO WA MTAA

Jack alizaliwa Agosti 28, 1917, mtaa wa Lower East Side jijini New York. Jina alilopewa nyumbani ni Jacob Kurtzberg. Wazazi wake, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria, na baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo.

Usifikirie ile New York ya Instagram. Lower East Side ya wakati huo ilikuwa nyumba za kupanga zimebanana, familia nzima kwa vyumba viwili, nguo zimeanikwa juu ya vichochoro, na vijana wa barabara hii wakipigana na wa barabara ile. Kama umekulia Eastlands, huhitaji kuchorewa ramani. Jack alikuwa mfupi na alipigana sana. Zile ngumi unazoziona kwenye vitabu vyake hakuzisoma mahali. Alizipokea, akazirudisha.

Kuchora alijifunza kwa kunakili vibonzo vya magazetini. Kulikuwa na klabu ya vijana wa mtaa iliyoitwa Boys Brotherhood Republic, na humo akapata nafasi ya kuchorea gazeti lao. Alipofika miaka 14 aliingia chuo cha sanaa cha Pratt, kule Brooklyn, akatoka baada ya kama wiki moja. Walimu walitaka mtu akae na mchoro mmoja hadi ukamilike kabisa. Yeye alikuwa na haraka, alitaka kumaliza huu aende kwa ule mwingine. Wale wenzangu mlioacha chuo, huyu ni mtu wenu.

Kibarua kimoja cha mapema kilikuwa kwa studio ya Fleischer, waliotengeneza katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kujaza ile michoro ya katikati, mkono wa Popeye ukitoka hapa kufika pale. Meza zimepangwa safu kwa safu, kila mtu ameinama. Jack aliona hiki ni kiwanda cha babake, tofauti ni kwamba hapa walishona karatasi. Akaondoka. Akajaribu majina kadhaa ya kazi, mwishowe akabaki na Jack Kirby.

NGUMI YA HITLER

Mwaka 1940 Jack na rafiki yake Joe Simon walimuunda Captain America. Kitabu cha kwanza kiliingia madukani Desemba 1940 kikiwa na tarehe ya Machi 1941. Kwenye jalada, Captain America anamtandika Hitler ngumi ya taya.

Leo unaweza kusema, sawa, kila mtu anampiga Hitler. Lakini angalia tarehe tena. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, mwaka mzima baadaye. Wamarekani wengi hawakutaka kuskia habari ya vita vya Ulaya, na kulikuwa na waliomuunga Hitler mkono hapo hapo New York. Vitisho vilianza kumiminika ofisini hadi polisi wakaletwa kulinda mlango. Hao vijana wawili Wayahudi hawakupunguza kitu. Kitabu kiliuza karibu nakala milioni moja.

Hapo pia ndipo mambo ya pesa yalipoanza kuharibika. Simon na Kirby walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida. Wakaamini hesabu wanazoonyeshwa haziko sawa, wakaanza kuchorea kampuni pinzani kimyakimya, na baada ya toleo la 10 wakawa nje. Captain America akabaki na kampuni.

Kisha vita vikamfuata mwenyewe. Aliitwa jeshini 1943, na Agosti 1944 akafika pwani ya Normandy, Ufaransa. Afisa mmoja aligundua kwamba huyu ndiye yule mchoraji wa Captain America. Unadhani alipewa kazi ya ofisini? Wapi! Alitumwa mbele ya wenzake, karibu na adui, akachore ramani za vijiji na njia. Majira ya baridi yalipofika, miguu yake iliganda vibaya hadi madaktari wakafikiria kuikata. Aliponea chupuchupu, akarudi nyumbani 1945 kwa mkewe Roz.

BASEMENTI ILIYOZAA WAKANDA

Baada ya vita, yeye na Simon walianzisha vitabu vya mapenzi, Young Romance, mwaka 1947, na vikauzika sana. Halafu mwaka 1954 Marekani ikapata hofu kwamba vibonzo vinaharibu watoto. Bunge likakaa, kanuni kali zikaja, kampuni nyingi zikafunga, ikiwemo yao. Mwaka 1958 Jack alirudi kwa ile kampuni ya zamani, ambayo baadaye tuliijua kama Marvel. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Halafu angalia alichofanya. Fantastic Four mwaka 1961. Hulk na Thor 1962. X-Men na Avengers 1963. Zote akiwa na Stan Lee, na Thor wakisaidiwa na Larry Lieber, mdogo wake Lee. Spider-Man tumwachie Steve Ditko, huyo ndiye aliyemchora.

Walifanyaje kazi? Hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa hivyo soma polepole. Lee hakuwa akiandika hadithi nzima kabla. Alitoa wazo, mara nyingine kwa mazungumzo tu. Jack alirudi nyumbani Long Island, akashuka kwenye chumba chake cha chini ya nyumba, akawasha sigara, na kuchora usiku kucha. Yeye ndiye aliyeamua nani anaingia, nani anapigwa, na kisa kinaishaje. Pembeni mwa karatasi aliandika maelezo. Lee akapokea kurasa na kutia maneno kwenye midomo ya wahusika. Mwaka 1966, kwenye kisa cha Galactus, Lee alikuta kurasani jamaa wa fedha akiteleza angani juu ya ubao. Hakuwa amemwagiza. Huyo ni Silver Surfer, Jack alimtoa kichwani mwake.

Mwaka huo huo wa 1966, kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, akatokea Black Panther. Kenya ilikuwa haijamaliza miaka mitatu tangu uhuru. Vibonzo vya Marekani vilikuwa vimezoea kumchora Mwafrika kama mtu wa kubeba mizigo ya mzungu msituni. Jack akachora mfalme mweusi mwenye akili, na nchi ya Wakanda yenye mashine ambazo mashujaa wazungu walibaki wakiziangalia midomo wazi. Miaka 52 baadaye, Lupita Nyong'o wetu akasimama ndani ya Wakanda hiyo kama Nakia, na filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

ADUI LAZIMA AWE NA SABABU

Kama unachora, sehemu hii ni yako. Chukua penseli ujaribu.

Kwanza, ngumi. Jack hakuchora ngumi ikienda kando. Aliileta kwako. Ngumi kubwa mbele, mkono unapungua ukirudi nyuma, kichwa kidogo huko mbali. Unasoma na unataka kuinama. Miguu nayo aliipanua kupita kiasi, ili mtu aliyesimama tu aonekane anataka kuruka.

Pili, nguvu. Utachoraje nishati ambayo haionekani? Yeye alijaza nafasi kwa vidoa vyeusi vya duara, vikubwa kwa vidogo, vimesongamana kama povu. Wachoraji wameviita vidoa vya Kirby hadi leo.

Tatu, wabaya. Sisi tuliokulia video za mtaani tunajua stelingi hafi, kwa hivyo adui ndiye anayeshikilia hadithi. Jack alilijua hilo. Doctor Doom amejificha nyuma ya chuma na ni mfalme anayejiona mwokozi. Galactus hana chuki na mtu, ana njaa, ila chakula chake ni sayari nzima. Red Skull ni Unazi uliovuliwa ngozi. Na Darkseid, aliyemuunda kwa kampuni ya DC mwaka 1970, hatafuti dhahabu wala kiti. Anatafuta fomula ya kuwaondolea watu uwezo wa kujiamulia. Mtu aliyepigana na jeshi la Hitler alijua anachora nini.

Na stelingi wake je? Mwangalie The Thing wa Fantastic Four, jitu la mawe lenye moyo laini, linalopenda sigara na ugomvi, mtoto wa mtaa wa Yancy. Mtaani kwa Jack kulikuwa na barabara inaitwa Delancey. Alijichora mwenyewe.

KURASA 88

Sasa tufike kwa ile harufu. Jack alilipwa kwa ukurasa. Ukichora, unalipwa. Ukiugua, pole. Vinyago, katuni za televisheni na fulana zilipotoka, hizo hazikumhusu. Jina la Stan Lee likakua, magazeti yakamwandika yeye. Kampuni ilipouzwa 1968, Jack aliomba mkataba wa maana na hakuupata. Mwaka 1970 akahamia DC. Huko akaanzisha ulimwengu mzima wa New Gods, lakini haukupewa muda, ukakatwa. Akarudi Marvel 1975, akaunda The Eternals, akaondoka tena 1978. Mtu aliyempa pesa nzuri na bima ya afya hatimaye hakuwa kampuni ya vibonzo. Ilikuwa studio za katuni za televisheni.

Kisa kimoja kidogo hapa, usikipite. Michoro aliyoifanyia filamu ya Lord of Light, ambayo haikutengenezwa, ilichukuliwa na majasusi wa CIA mwaka 1980 kama ushahidi wa filamu feki, wakaitumia kuwatoa Wamarekani sita waliokuwa wamejificha Tehran. Umeona sinema ya Argo? Ndiyo hiyo. Jack mwenyewe hakuwa na habari.

Turudi kwa michoro. Zile kurasa halisi, karatasi zenye penseli yake, zilikuwa zimekaa kwa kampuni. Miaka ya 70 na 80 kampuni zilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao. Wengine walisaini karatasi moja fupi. Jack aliletewa hati ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwenzake aliyepewa, ili arudishiwe kurasa 88. Themanini na nane, bana, kati ya zinazokadiriwa kupita 10,000! Alikataa kusaini. Alikuwa mzee, anaumwa, anahitaji pesa, na bado alikataa. Wachoraji wenzake wakapiga kelele hadharani, na mwaka 1987 akarudishiwa takriban 2,000. Nyingi zilizobaki zilikuwa zimepotea au kuibwa.

Alifariki Februari 6, 1994, huko California, akiwa na miaka 76. Hakuona hata filamu moja ya Avengers.

Watoto wake walianza kudai haki mwaka 2009. Wakashindwa mahakamani 2011, wakashindwa tena kwenye rufaa 2013. Majaji walisema kazi ile ilifanywa kwa kuagizwa, kwa hivyo ilikuwa ya kampuni tangu siku ya kwanza. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ikikaribia kuamua kama itaisikiliza kesi, pande mbili zilielewana. Masharti ni siri. Tunachokiona ni jina la Jack Kirby likiandikwa sasa pale alipostahili.

HII INAKUHUSU WEWE

Utasema hayo ni ya Marekani. Hapana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ukiifanya kwa kuagizwa na mteja, au ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hivyo ile logo uliyochorea mtu, huyo mhusika wa tangazo uliyekesha ukimbuni, anaweza kuwa ameshaondoka mkononi mwako bila wewe kusaini chochote.

Cha kufanya ni nini? Kabla hujashika penseli, kubalianeni kwa maandishi: unauza mchoro au unauza ruhusa ya kuutumia, kwa muda gani, na je, wakitengeneza fulana unapata nini? Kama kazi ni yako binafsi, isajili na KECOBO. Weka nakala na tarehe za kila hatua. Na dai jina lako liandikwe, kwa sababu sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyeunda.

Jack hakuwa mjinga. Alikuwa na kodi ya kulipa na watoto wanne nyumbani, na kurasa zilikuwa zinangoja. Hali kama yako tu. Ila wewe umeshajua kilichompata.

Kwa hivyo mteja akikutumia kazi leo usiku na kukuambia mambo ya karatasi mtayaongea baadaye, mjibu kwa heshima kwamba mtayaongea kwanza.