Goldschmidt, bwana aliyeyajulia madini kwao

Kwamba dhahabu ni adimu, kila mwanamke wa pwani aliyewahi kukaa kitako mbele ya sonara analijua bila ya kufundishwa. Lakini kwa nini ikawa adimu, na chuma kikawa tele? Swali hili, ambalo hata mtoto mdogo aweza kuliuliza, halikupata jawabu la kutosheleza mpaka karne ya ishirini, na aliyelijibu ni Victor Moritz Goldschmidt, ambaye wataalamu wengi humwita baba wa jiokemia, yaani elimu ya kujua kila elementi imejificha wapi ardhini na kwa sababu gani.

Alizaliwa Zürich, Uswisi, tarehe 27 Januari, 1888. Jamaa zake walikuwa Mayahudi kwa nasaba, na baba yake, Heinrich, alikuwa mwalimu wa kemia. Utoto wake ulikuwa wa kuhamahama: Amsterdam, kisha Heidelberg, hata mwaka wa 1901 baba akapata uprofesa katika mji wa Kristiania, ambao leo ndio Oslo, nchini Norway. Huko ndiko alikotia nanga. Alisoma elimu ya mawe kwa Profesa Brøgger, akapata udaktari mwaka wa 1911, na mwaka wa 1914, akiwa kijana wa miaka 26 tu, akawa profesa na mkuu wa taasisi ya madini.

Ilikuwa ni Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyomtoa vitabuni. Norway haikupigana, ila bidhaa kutoka ng'ambo ziliadimika, na mwaka wa 1917 serikali ikamtaka atafute katika ardhi ya nchi hiyo vile vitu vilivyokuwa vikinunuliwa nje. Mtu anayetafuta kitu lazima kwanza ajue kitu hicho hupenda kukaa wapi. Hapo ndipo alipoanza kazi iliyomletea sifa: vitabu tisa vya kanuni za mgawanyo wa elementi, vilivyotoka baina ya mwaka wa 1923 na 1938.

Msomaji aliyepata kumwona mhunzi kazini hatapata taabu kuelewa. Mawe ya madini yakiyeyushwa tanurini hujitenga yenyewe. Metali nzito hutuama chini, na juu huelea ile taka iitwayo mavi ya chuma. Na kama mna kibiriti, hufanyika tabaka la tatu katikati. Goldschmidt alichunguza mazao ya tanuri za shaba za Mansfeld, Ujerumani, akayalinganisha na vimondo vilivyoanguka kutoka mbinguni, ambavyo navyo vina sehemu ya chuma, sehemu ya kibiriti na sehemu ya mawe. Akaona kwamba dunia yetu nayo, ilipokuwa changa na ya moto, ilijichuja vivyo hivyo.

Basi akazigawa elementi kama zigawanyikavyo koo. Wako wapenda chuma: nikeli, platini na dhahabu. Wako wapenda kibiriti: shaba, risasi, zinki na fedha. Wako wapenda mawe: silikoni, alumini, kalsiamu, potasiamu. Na wako wapenda hewa, kama naitrojeni. Chuma kilipozama kwenda kufanya kiini cha dunia, ambacho huanza kiasi cha kilomita 2,900 chini ya nyayo zetu, kiliwachukua wapenzi wake, na dhahabu nyingi mno ikenda nacho. Iliyosalia juu ndiyo tuigombaniayo.

Asidhani mtu kwamba ni uzito tu. Urani ni nzito kuliko chuma kwa mbali, walakini haikuzama, kwa kuwa ni mpenda mawe, na imebaki katika ganda la juu. Kilichoamua ni urafiki, si ratili.

La pili alilolifichua ni la kupendeza zaidi, kwa rai yangu. Kwa kutumia eksirei, yeye na wanafunzi wake walipima ukubwa wa ayoni, yaani zile chembe zinazojenga fuwele za madini, na orodha yake ikatoka mwaka wa 1926. Fuwele ni kama nyumba yenye vyumba vya kipimo maalumu. Mgeni mwenye kimo kile kile cha mwenyeji huingia akakaa, na jirani hatambui. Ndiyo maana hafni ilikaa ndani ya zikoni bila kujulikana mpaka mwaka wa 1923. Wenye vimo visivyolingana na vyumba hubaki nje katika ujiuji wa moto mpaka mwisho, kisha hukusanyika pamoja mahali pachache. Kilima cha Mrima, huko Kwale kwetu, chenye niobi na zile ziitwazo elementi adimu, ni mfano mmoja. Na mchanga wa Kwale uliochimbwa kwa ajili ya titani tangu mwaka wa 2013 hadi 2024 ulikuwa na zikoni pia, na ndani yake, bila shaka, yule mgeni hafni.

Mwaka wa 1929 alikwenda Göttingen, Ujerumani, akapewa maabara ya fahari. Wanazi walipotawala mambo yakageuka. Mwaka wa 1935 mjini humo palitundikwa mabango ya kuwafukuza Mayahudi. Alilalamika, yakaondolewa; siku ya pili yakarudishwa. Akajiuzulu, akamchukua baba yake mzee wakarudi Oslo.

Shari ikamfuata huko huko. Wajerumani waliiteka Norway mwaka wa 1940, na Oktoba 1942 alikamatwa akatiwa kambini Berg. Inasemekana alikuwa na kidonge cha sumu mfukoni, na mwenzake profesa alipomwomba naye apate, alimjibu kwa mzaha kuwa dawa ile ni ya walimu wa kemia peke yao. Tarehe 26 Novemba alisimamishwa gatini Oslo pamoja na mamia ya Mayahudi waliokuwa wakipakiwa katika meli Donau. Dakika za mwisho akatolewa katika safu: wenzake wa chuo walikuwa wamewashawishi wakubwa kwamba elimu yake ya madini bado ina faida kwa nchi. Meli iling'oa nanga na watu 532, wakapelekwa Auschwitz. Waliookoka hawakufika kumi.

Hakungoja kukamatwa tena. Mwezi wa Disemba wenyeji walimvusha kwa siri hadi Sweden, na Machi 1943 akafika Uingereza. Kwanza alifanya kazi Aberdeen, katika taasisi ya udongo, kisha Rothamsted, hali moyo wake umeshaharibika kwa mateso. Alirudi Oslo mwaka wa 1946, akafa tarehe 20 Machi, 1947, na umri wa miaka 59. Hakuwa na mke wala mtoto.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yakatiwa katika chombo cha olivini alichokwisha kukitengenezesha mwenyewe. Olivini ni jiwe la kijani, ambalo likitakata Waarabu huliita zabarajadi. Ndilo alilowafundisha watu wa Norway kulifanya matofali ya kuhimili moto, na ndilo lililo tele katika tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Kitabu chake kikubwa, alichokiacha hakijamalizika, kilichapishwa Oxford mwaka wa 1954.