Red Jacket: Msemaji wa Waseneca ambaye wosia wake haukufuatwa

Jina la Iroquois si geni kwa wasomaji wetu. Walioko Louisville wanalijua kama mtaa na bustani kubwa upande wa kusini mwa mji, ambako familia nyingi za wakimbizi zimepata makazi. Walioko Buffalo wanaishi juu ya ardhi yenyewe ya watu hao. Lakini ni wachache wanaomfahamu mwanafikra wao mkubwa, ambaye kaburi lake liko Buffalo katika makaburi ya Forest Lawn. Aliitwa Sagoyewatha, yaani mtu anayewafanya wengine wasilale. Wazungu walimwita Red Jacket.

Alizaliwa yapata mwaka 1750 katika taifa la Waseneca, mojawapo ya mataifa sita ya muungano wa Iroquois. Mengine ni Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Watuscarora. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani alikuwa tarishi wa maofisa wa Uingereza, nao wakamzawadia koti jekundu. Hapo ndipo jina lake la kigeni lilipotoka.

Vitani hakupata sifa. Wenzake walimcheka kwamba ni mwoga. Mwaka 1779 jeshi la Marekani chini ya Jenerali John Sullivan lilichoma vijiji vya Waseneca pamoja na mashamba yao ya mahindi. Watu walikimbilia Niagara wakiwa na njaa, na baadaye wengi wakahamia Buffalo Creek. Kwa hiyo, ndugu msomaji, huyu bwana alionja ukimbizi kabla ya kuwa kiongozi.

Silaha yake ilikuwa ulimi. Mbele ya Wazungu alisema kwa lugha yake mwenyewe, na mkalimani akatafsiri. Mwaka 1792 alikwenda Philadelphia na ujumbe wa wakuu wenzake, na Rais George Washington akampa medali kubwa ya fedha. Aliivaa kifuani hadi uzeeni. Mwaka 1794 alikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba wa Canandaigua, ambao Marekani inautambua hadi leo kwa kupeleka kitambaa kila mwaka kwa mataifa hayo.

Hakuwa malaika. Mwaka 1797, katika mkataba wa Big Tree, Waseneca waliuza sehemu kubwa mno ya ardhi yao kwa dola 100,000. Red Jacket alipinga hadharani, lakini mwishowe naye akatia saini. Lawama hiyo ilimfuata maisha yake yote, na pombe nayo ilimtesa.

Kinachomfanya akumbukwe zaidi ni majibu aliyompa mmisionari Jacob Cram mwaka 1805. Alimkumbusha kwamba mababu zake waliwapokea Wazungu walipokuwa wachache na wanyonge, wakawapa chakula, na sasa wageni wamechukua nchi na wanataka pia kubadilisha dini. Akahoji, ikiwa kitabu ni kimoja, kwa nini wenye kitabu hicho wenyewe hawakubaliani? Akaona kwamba Mungu aliyewapa watu rangi na desturi tofauti angeweza pia kuwapa ibada tofauti. Mwisho akasema kwa upole kwamba Waseneca watasubiri kwanza. Wakiona mahubiri yamewafanya majirani zao Wazungu kuwa waaminifu na kuacha kuwadanganya, watalifikiria upya suala hilo.

Msimamo huo ulimgharimu nyumbani. Mke wake alibatizwa, na kwa muda wakatengana. Mwaka 1827 wakuu waliokuwa Wakristo walimvua uongozi, ingawa baadaye alirudishiwa. Alifariki tarehe 20 Januari 1830 huko Buffalo Creek. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kwa desturi za watu wake, katikati ya watu wake, bila mkono wa Mzungu. Hata hivyo alizikwa Kikristo katika makaburi ya misheni.

Miaka minane baadaye ukaja mkataba wa 1838, uliojaa rushwa na udanganyifu, na katika miaka ya 1840 Waseneca wakaondolewa Buffalo Creek. Kaburi likabaki bila wenyewe na mifupa ikafukuliwa. Tarehe 9 Oktoba 1884 wakubwa wa mji wa Buffalo waliizika upya Forest Lawn kwa sherehe kubwa, na miaka michache baadaye wakasimamisha sanamu ya shaba. Mji uliomeza ardhi aliyoitetea ndio uliomjengea mnara.

Hapa pana somo kwetu sisi tulio mbali na nchi zetu. Kumheshimu mwanafikra aliyekufa ni rahisi, kwa sababu hawezi tena kubishana. Sanamu haidai ardhi wala haiulizi maswali. Heshima ya kweli huanza pale anaporudishiwa kilicho chake na hoja zake kujibiwa. Wakongomani wanalielewa hili. Jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961, lilirudishwa na Ubelgiji mwaka 2022 tu, baada ya miongo mingi ya barabara na viwanja kuitwa kwa jina lake.

Kwa Red Jacket pia hatua moja imepigwa. Mwezi Mei 2021 makumbusho ya historia ya Buffalo, ambayo ilihifadhi medali ile kwa zaidi ya karne moja, iliikabidhi kwa taifa la Waseneca. Sasa iko mikononi mwa watu wake huko Salamanca.

Ardhi ya Buffalo Creek haikurudi. Swali lake la mwaka 1805 nalo bado linasubiri jibu. Msomaji atakayefika Forest Lawn akumbuke kwanza alichoomba mzee huyu, ndipo aitazame sanamu.