Joginder Singh, fundi aliyeishinda Porsche

Kijana wa Kachibora akiota gari la spoti, kwanza huhesabu mamilioni. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka wa 1932, alianza na spana mkononi. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuingia mbio. Mwaka wa 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Mwaka wa 1974 akaja na kigari, Mitsubishi Lancer, na kuiacha Porsche 911 ya Björn Waldegård nafasi ya pili. Akashinda tena 1976. Alifariki London mwaka wa 2013. Gari lake halikuwa kali kuliko yote, lakini alilijua nati kwa nati, akalifikisha mwisho likiwa fiti.