Archimedes na Tangi la Maji

Ni wachache kati ya wataalamu wa kale ambao kazi yao ingali hai katika madarasa yetu kama ile ya Archimedes. Kila mwanafunzi anayetafuta ujazo wa tufe au wa mcheduara anatembea katika njia aliyoifyeka yeye.

Alizaliwa yapata mwaka wa 287 kabla ya Kristo mjini Syracuse, kisiwani Sicily. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Bara letu halikuwa mbali naye, kwani alimwandikia Eratosthenes, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini aliyesimamia maktaba mashuhuri ya Alexandria, nchini Misri.

Kabla yake, Eudoxus alikuwa amethibitisha kwamba umbo la pia huchukua theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa nalo. Archimedes akaongeza kwamba tufe linaloenea barabara ndani ya mcheduara huchukua theluthi mbili zake. Alimweleza Eratosthenes mbinu yake: aliyakata maumbo kwa mawazo kuwa vipande vyembamba, akavipima kimoja kwa kingine kana kwamba viko kwenye mizani. Hata hivyo, hakuridhika mpaka alipotoa uthibitisho kamili. Yeye pia ndiye aliyeonyesha kwamba pai ni pungufu kidogo ya 22/7, kadirio tunalolitumia hadi leo.

Mwaka wa 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake, askari mmoja alimuua. Kaburi lake lilichorwa tufe na mcheduara. Mwaka wa 75 kabla ya Kristo, Cicero alilikuta limefunikwa na miiba, wenyeji wamelisahau.

Je, mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Migwani? Yanamhusu sana, maana Ukambani maji ni uhai. Tuchukue tangi la mcheduara lenye nusu kipenyo cha mita 2.1 na kimo cha mita 2, lililoezekwa kifuniko cha umbo la pia chenye kimo cha mita 1. Mcheduara una mita za ujazo 27.72, yaani lita 27,720. Pia ina lita 4,620. Anayekariri kanuni tu atajumlisha na kupata lita 32,340. Anayefikiri atatambua kwamba maji hayapandi hadi kwenye kifuniko. Kwa jamaa inayotumia lita 200 kwa siku, tofauti hiyo ni siku 23 za kiu, huku mvua ya Oktoba au Novemba ikingojewa.

Basi, walimu wetu, kabla ya kuandika kanuni ubaoni, wapelekeni wanafunzi nje wakaligawe tangi la shule katika maumbo yake, waulizane ni sehemu ipi inayobeba maji. Kanuni isiyoeleweka husahaulika upesi, kama lilivyosahaulika kaburi lile miibani.